Zawadi za Sikukuu kwa Ndugu Walio Mbali: Usiwatumie Deni

Hivi karibuni msomaji mmoja aliniandikia ujumbe ambao umenikaa moyoni. Amehamia ugenini, sikukuu zinakaribia, na wazazi pamoja na wadogo zake wanausubiri mkono wa sikukuu kutoka kwake. Aliuliza, "Dada, nitume nini, na nitume vipi, bila kuingia kwenye mkopo?" Nimeamua kumjibu mbele yenu nyote, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna nia ileile: nyumbani kusiwe na sikukuu inayopita bila jina lenu kutajwa kwa furaha.

Nilipohama, kilichoniumiza mapema kuliko upweke ni maneno. Ndugu mmoja mkubwa katika ukoo wetu alisema hadharani kwamba waliohama wenzangu wanatuma makasha mpaka watu wanaitana kuja kuyabeba, ilhali kwa mama yangu hakuna kinachoonekana. Maneno hayo bado yananichoma, hasa kwa kuwa aliyeyasema hakuwahi hata kuniuliza naishi vipi. Mwaka huo nilijaza kasha kubwa la mablanketi, viatu, vyombo na midoli, nikalikabidhi kwa wakala aliyeahidi kushughulikia kila kitu. Makaratasi aliyajaza yeye. Penye maelezo ya vilivyomo akaandika neno moja tu, "zawadi", na thamani akaikadiria anavyojua mwenyewe. Kasha lilizuiwa forodhani, na mama akatakiwa kulipa ushuru, kodi na tozo ya kuhifadhi mzigo kabla ya kuruhusiwa kulichukua. Alikopa kwa jirani. Hakuniambia neno; nilizipata habari hizo kwa mdogo wangu, sikukuu ikiwa imekwisha pita.

Tangu siku hiyo ninashikilia jambo moja: zawadi inayomlipisha anayeipokea haijawa zawadi bado. Kwa hiyo gharama ninayoihesabu ni ile yote, kuanzia mfukoni mwangu hadi mlangoni mwa mama, na hapo ndipo nilipogundua kwamba bei ya kitu chenyewe mara nyingi ndiyo sehemu ndogo.

Kinachokula fedha zaidi ni nafasi. Kampuni nyingi zinazosafirisha mizigo kwa ndege hulinganisha uzito halisi na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, halafu kugawa jibu kwa kigawo cha kampuni, ambacho mara nyingi ni 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 lina ujazo wa 36,000, ambao ukigawanywa kwa 5,000 unapata 7.2, maana yake, hata kama ndani mna nguo za kilo 3 tu, utalipia kilo 7.2. Mdoli mmoja uliobaki ndani ya boksi lake la dukani unaweza kugharimu nauli kubwa kuliko nguo za watoto wote wa nyumba. Ondoa maboksi ya dukani, kunja nguo zishikamane, na boksi likibaki na pengo, likate liwe fupi.

Makaratasi nayo yajaze kwa mkono wako mwenyewe. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, una fomu za tamko la forodha zinazotambuliwa na posta za nchi wanachama: CN 22 kwa vitu vya thamani ndogo na CN 23 kwa vya thamani kubwa zaidi. Tangu mwaka 2021 taarifa hizo zinatakiwa pia kutumwa mapema kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo maelezo ya ovyo hukwamisha mzigo hata kabla haujafika. Usiandike "zawadi" au "nguo" ukaishia hapo. Andika "fulana 2 mpya za pamba za mtoto", kisha thamani ya kila kitu na uzito wake, halafu ndipo uweke alama kwenye kisanduku cha zawadi. Alama hiyo peke yake haisamehi ushuru, kwa sababu kila nchi ina kiwango chake cha msamaha. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zawadi inayotoka nje ya umoja huo kutoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi husamehewa iwapo thamani yake haizidi yuro 45. Tafuta kiwango cha nchi unakotuma kabla ya kwenda dukani. Wala usishushe thamani kwa uongo, maana mzigo ukipotea usitarajie fidia inayozidi thamani hiyohiyo uliyoiandika, na anayesimama mbele ya ofisa wa forodha kujibu ni mzazi wako.

Manukato, makopo ya kupulizia na betri za lithiamu ni bidhaa hatari kwa usafiri wa ndege, achana navyo. Meli ni nafuu, lakini hesabu miezi, usihesabu siku.

Siku hizi vitu vikubwa natuma fedha vikanunuliwe hukohuko, na kutoka kwangu kinakwenda kitu kimoja kidogo, chepesi, nilichokichagua nikimfikiria mtu mmoja. Fedha nazo zina mtego wake. Mataifa yamekubaliana kushusha gharama ya kutuma fedha nyumbani hadi chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, lakini wastani wa dunia ungali unapita asilimia 6, na sehemu ya gharama hiyo hufichwa katika kiwango cha kubadilishia fedha. Anayekutangazia kwamba hatozi ada huenda anaichukua humo. Uliza swali moja tu kwa kila mtoa huduma: nikikupa kiasi hiki leo, mama atashika kiasi gani mkononi?

Mwaka jana kila kitu kilifika kabla ya sikukuu na mama hakulipa hata senti. Ninajivunia hilo kuliko kasha lolote. Yule ndugu alisema tena, na atasema mwaka huu pia, nanyi mtasemwa vilevile. Msikope ili kumnyamazisha mtu ambaye hatawasaidia kulipa. Kaeni na wazazi kwenye simu mapema, waambieni ukweli wa uwezo wenu, waulizeni wanachokihitaji. Wengi watataja kitu kidogo kuliko mlivyodhani.

Mzigo ukishaondoka, piga picha ya fomu uliyoijaza na ya risiti yenye namba ya ufuatiliaji, umtumie atakayepokea, ili akipigiwa simu na posta au forodha awe anajua kilichomo na thamani yake.