Asali ya Bure na Deni Lililobaki

Kwa miaka minne nilifanya kazi ya stoo katika duka la vyakula vya kosher, yaani vilivyo halali kwa Wayahudi, huko Golders Green, kaskazini mwa London, na humo ndimo nilimoiba chupa 31 za asali. Nasema niliiba kwa makusudi, kwa sababu wakati ule sikukiita kitendo changu kwa jina hilo. Asali yenyewe ilikuwa ya bure. Msambazaji aliileta wiki chache kabla ya Rosh Hashana, yaani Mwaka Mpya wa Kiyahudi, ambapo watu huchovya vipande vya tofaa katika asali wakiombeana mwaka mtamu, na kila mteja aliyenunua vitu vya pauni 50 alistahili chupa moja ndogo. Mimi niliyekulia Tanga, ambako muuza nyanya asipokutilia nyongeza humrudii tena, niliamini kwamba kitu cha nyongeza hakina mwenyewe. Nilitoka na chupa mbili, siku nyingine tatu, chini ya bakuli langu la chakula, nikawauzia majirani kwa pauni moja moja. Dhamiri iliponisumbua, nilijiambia kwamba Ramadhani ikifika nitatubu yote kwa mkupuo.

Alhamisi moja bibi mmoja mzee alifika kaunta akiwa na kipeperushi cha ofa mkononi, amekikunja mara nne. Alikuwa amepiga hesabu yake kwa kalamu pembeni mwa karatasi, na kwa kuwa ilipungua kidogo, alirudi kwenye rafu kuchukua kopo la samaki ambalo sidhani alilihitaji, ili tu afikie 50. Nilimwambia asali imekwisha. Akasema haidhuru, akakikunja tena kipeperushi kwa mikunjo ileile, akaondoka kuelekea kituo cha basi. Mkoba wangu ulikuwa nyuma ya mlango wa stoo, na ndani yake mlikuwa na chupa mbili.

Jioni ile nilimwendea mwenye duka. Nilianza kwa maneno ya kuzunguka, kwamba kuna mambo ya stoo hayakwenda vizuri na naomba anisamehe. Mzee aliacha kuhesabu risiti akaniuliza, "Mambo gani? Yataje." Nikataja: chupa ngapi, siku zipi, nimeuza kwa bei gani. Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuomba radhi ni huu: ombi lisilotaja kosa humwachia aliyekosewa kazi ya kubahatisha anasamehe nini, nalo hukupa wewe mlango wa kutokea iwapo atabahatisha pungufu.

Alichonieleza baadaye, tukiwa tumekaa juu ya katoni za juisi, sikukisahau. Kwa Kiebrania toba huitwa teshuva, yaani kurejea, na neno letu la toba, lililotufikia kupitia Kiarabu, ni ndugu yake kwa asili. Musa bin Maimun, yule mwanazuoni mzaliwa wa Cordoba aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwamba mkosaji anapaswa kuliacha kosa, kulijutia, kuliungama kwa ulimi na kuazimia kutolirudia. Lakini hayo yanatosha kwa yaliyo baina ya mtu na Mungu. Yaliyo baina ya mtu na mwenzake hayafutwi hata na Yom Kippur, siku kuu ya mfungo wa takriban saa 25, mpaka mkosaji amlipe aliyemdhulumu na kumridhisha. Na hata akishalipa fedha, bado anawiwa kuomba radhi. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, inaongeza jambo lililonichoma kwa sababu ya ahadi yangu ya Ramadhani: asemaye "nitakosa, kisha nitatubu" hapewi nafasi ya kutubu. Kwa mtu aliyefundishwa katika chuo cha Kurani habari za haki za waja, yaani haki za watu juu ya watu wenzao, hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa geni. Nilikuwa nalijua nikalipuuza.

Torati inamtoza mwizi maradufu, na kwa ng'ombe aliyechinjwa au kuuzwa humtoza watano. Mjambazi anayenyang'anya hadharani hatozwi maradufu hayo, na Talmud, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inamnukuu Rabani Yohanan ben Zakai akieleza sababu: mwizi wa siri amewaogopa watu kuliko alivyomwogopa Mungu, na mjambazi angalau hakuogopa upande wowote. Nilijiandaa kulipa mara mbili. Mzee akacheka, akasema kwamba anayeungama mwenyewe kabla hajabanwa na mashahidi hulipa kile alichochukua tu, bila faini. Hesabu ikawa chupa 31 kwa pauni 3 za bei ya dukani, jumla pauni 93, si ile pauni moja niliyouzia mimi.

Tatizo likawa nimlipe nani. Mzee alimpigia msambazaji, akajibiwa kwamba asali ile ilikwisha kutolewa, hadai kitu. Mzee mwenyewe alisema yeye alikuwa mdhamana tu, na kwamba kwa kosa nililomfanyia yeye amenisamehe. Waliobaki ni wateja 31 ambao nusu yao sikuweza kuwatambua. Talmud imelifikiria hata hilo. Inasema toba ya wachungaji waliolisha mifugo yao katika mashamba ya watu, na ya watoza ushuru waliozidisha, ni ngumu, kwa kuwa hawawajui wote waliowadhulumu. Wawarudishie wanaowajua, na kwa wasiowajua wafanye jambo lenye manufaa kwa umma, kama vile kuchimba visima. Nilifurahi sana kusikia visima, kwa kuwa mtaani kwetu Tanga kulikuwa na bomba bovu la maji lililohitaji fedha. Mzee aliniuliza taratibu, "Yule bibi atakwenda kunywa maji Tanga?"

Kwa hiyo nilinunua viti viwili imara vyenye migongo, nikaviweka karibu na mlango wa duka, mahali ambapo wazee husimama na mifuko yao wakisubiri teksi, hasa Ijumaa mchana kabla Sabato haijaingia. Bibi wa kopo la samaki nilimtambua aliporudi, nikampa chupa yake na kumweleza ukweli. Alinitazama kwa muda, akaitia ndani ya mkoba, akasema asante kwa sauti kavu. Sikupata zaidi ya hapo, na sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Wewe mnunuzi usidhani makala hii inamhusu mtu wa stoo peke yake. Wanazuoni wa Mishna walijadili zawadi za dukani karne nyingi kabla ya ofa zetu: Rabi Yehuda alimkataza mwenye duka kuwagawia watoto njugu na nafaka za kukaanga, kwa kuwa angewavuta wazoee kuja kwake, na wenzake wakamruhusu, kwani mshindani naye anaweza kugawa chake. Mnunuzi naye alikatazwa kuuliza bei ya kitu asichokusudia kukinunua. Ukijaza mkono kwenye sinia la kuonja, au ukirudisha bidhaa huku zawadi iliyokuja nayo umekwisha kuila, jiulize nani baada yako ataambiwa imekwisha.

Ajabu ni kwamba Mishna hiyohiyo ya kuuliza bei ndiyo inayokataza kumwambia aliyetubu, "Kumbuka matendo yako ya zamani." Nawaomba waliokosewa walitilie maanani neno hili, kwa sababu wengi wetu husamehe kwa mdomo kisha tukaliweka kosa kabatini kwa matumizi ya baadaye. Aliyekosewa anaweza kuombwa hadi mara tatu mbele ya marafiki, na akishikilia kukataa, lawama humgeukia yeye. Hata hivyo, hapo pana mpaka: hakuna awezaye kusamehe kwa niaba ya mwingine, ndiyo maana mauaji katika fikra za Kiyahudi ni kosa ambalo mwenye haki ya kulisamehe hayupo tena. Asali yangu, namshukuru Mungu, haikufika huko. Mwaka uliofuata katoni moja ya mvinyo ilipotea, na mzee aliuliza watu wote kwa sauti ileile, akinitazama mimi kama alivyowatazama wengine.

Musa bin Maimun anasema toba kamili hujulikana pale mtu anapokutana tena na jambo lilelile, uwezo ukiwa uleule, naye akaliacha. Sijui kama mzee alikuwa akifikiria maneno hayo, lakini asali ya Rosh Hashana ilipoletwa tena, alinikabidhi mimi ufunguo na daftari. Siku ya mwisho chupa zilizobaki zililingana na hesabu. Nilikuwa nimenunua mahitaji yangu ya wiki, nikamuuliza kwa utani kama wafanyakazi nao hupata. Akaichukua risiti yangu, akavaa miwani, akasoma: pauni 47. "Ongeza kopo la samaki," akasema.