Kabla Hujapanda Lori, Dai Karatasi

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza kitu kimoja: niache kazi, niingie barabarani? Nimeendesha malori miaka kumi na tisa na sasa nafundisha madereva hapa Arusha, kwa hiyo swali nalielewa. Njaa iliyo nyuma yake naielewa pia. Naanza na barua, jibu langu linafuata.

Mimi ni mlinzi Njiro, mwaka wa sita huu, mshahara haujawahi kupanda. Rafiki yangu amenipatia nafasi ya kuendesha semi, lori lile la tela, Dar hadi Lubumbashi: mshahara 200,000 na posho 450,000 kwa safari. Leseni yangu ni daraja E, la magari makubwa. Niache lindo kesho?

Kesho hapana. Unalipwa kwa mwezi, kwa hiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka utoe notisi ya siku 28. Ukitoroka, mwajiri ataikata kwenye stahiki zako. Andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri, dai fedha ya likizo ambayo hukuchukua na cheti cha utumishi. Malipo yale ya mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi usiyahesabu, hayo ni ya anayeachishwa, si anayeacha mwenyewe.

Sasa hiyo ofa. Najua umeshajumlisha ukapata 650,000, na kila anayeniandikia anajumlisha hivyohivyo. Posho ni ya kula, kuoga, kulaza gari na kumtunza utingo. Kutoka Dar hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900, na hapo Zambia yote bado iko mbele. Ukikaa foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku kumi, posho ni ileile. Chako cha uhakika ni 200,000, na NSSF, mfuko wa pensheni, wanaijua hiyo tu: mchango 20,000 kwako, 20,000 kwa mwajiri. Ukiugua mwezi mzima, posho haipo. Usimuulize rafiki yako analipwa kiasi gani kwa safari. Muulize mwaka jana alifunga safari ngapi.

Kisha dai mkataba wa maandishi kabla hujashika usukani. Hapa sitachoka kupiga kelele. Niliajiriwa siku moja na mwenzangu wa Marangu, kwa mdomo, tukapewa funguo asubuhi ileile. Mwaka wa pili tela likamlaza karibu na Mikumi, mguu ukavunjika mara mbili. Nilimsindikiza ofisini akiwa kwenye magongo. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akalifunga. Jina halikuwemo. Wakasema alikuwa deiwaka, kibarua wa siku. Mkewe aliuza ng'ombe wawili wa maziwa kulipa hospitali, na yeye hajaendesha tena.

Leo kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake, kwako haikatwi hata senti, na ukiumia kazini mfuko ndio unaogharamia matibabu na fidia. Lakini nani atakudaia kama hakuna karatasi inayoonyesha uliajiriwa? Mkataba useme mshahara, posho ya kila njia, siku za foleni zinalipwaje, na faini ya kuzidisha uzito kwenye mizani ni ya nani. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari zima, na kila ekseli ina kikomo chake. Mzigo wanapakia wengine bandarini, wewe ndiye unayesimama na gari pale mizani.

Nina daraja D. Naweza kuendesha semi?

Hapana. Ni E. Limeulizwa mwezi jana, na mwezi wa juzi.

Kuna jamaa hapa stendi ya Moshi anasema kwa siku tatu ananipatia daraja E bila kukanyaga chuo. Unamshauri vipi kijana mwenye haraka?

Namshauri arudi nyumbani na hela yake. Barua za namna hii zinaniumiza, na naendelea kuzipata.

Safari yangu ya kwanza ya shaba nilikuwa utingo. Tulifika juu ya mlima Kitonga saa kumi jioni, gari limejaa. Dereva wangu, mzee wa Kipare asiyependa maneno, akasimamisha gari, akarudisha gia hadi ile tuliyokuwa tukipandia tunapokwenda, ndipo akaanza kushuka. Magari matatu yalitupita yakipiga honi. Yeye kimya, mguu anaugusisha breki na kuuachia. Tulipofika chini, karibu na Ruaha Mbuyuni, akaniambia nishuke, nisogeze kiganja karibu na ringi bila kugusa. Palikuwa na uvuguvugu tu. Akanipeleka kwenye mojawapo ya yale matatu, limepaki hapo mbele. Nilipokuwa bado hatua mbili, joto likanipiga usoni, na harufu ya breki zilizoungua ikanikaa kooni mpaka usiku. "Huyu leo kapona," akasema. "Keshokutwa hajui."

Hilo jamaa wa stendi hawezi kukuuzia. Nenda chuo cha ufundi cha VETA, au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo kama una uwezo wa kukaa Dar, halafu ukae kiti cha utingo mwaka mmoja kamili. Ukiona mwaka ni mrefu, kumbuka nyuma yako kuna Noah imejaa watu wanaotoka msibani.

Madereva wa Namanga wanatafuna mirungi ili wasilale. Ni lazima?

Si lazima, na upande wetu ni kosa la jinai. Kenya inauzwa hadharani, ukivuka geti umebeba dawa za kulevya. Mirungi haiondoi usingizi, inauahirisha, nao ukirudi haupigi hodi. Sheria inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Bosi anayekupangia Arusha–Dar na kurudi bila kulala, mwambie hapana, na muda wa kuondoka na kufika uandike kwenye daftari lako.

Mwajiri amenikata 600,000 kwa mara moja, anasema dizeli ilipungua. Sikuandikiwa chochote. Nifanyeje?

Amevunja sheria. Ili akukate kwa hasara lazima iwe imetokana na kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, Arusha wapo na Moshi wapo. Una siku 60 tangu mgogoro uanze. Aliyefukuzwa ana 30 tu. Usingoje mjomba akaongee na bosi, siku zinahesabika.

Hata hivyo nikuulize kama kaka: hiyo dizeli uliuza? Kama uliuza hata dumu moja, unakwenda CMA na mguu mmoja. Najua inafanyika, najua inaitwaje, najua bei yake njiani. Mwajiri anayelipa vibaya unamshitaki, humwibii.

Mimi ni dada wa Majengo, Moshi, nauza duka la mtu miaka minne. Napenda magari makubwa. Wanaume wananicheka.

Wacheke. Gari halijui anayeliendesha ni nani. Nimefundisha akina dada, na wengi wao hukagua gari vizuri kuliko kaka zao: upepo, maji, oili, nati za ringi, moja moja. Ugumu uko kwingine. Vyoo na bafu njiani ni shida, na wapo wanaodhani kiti cha utingo kina malipo mengine. Sheria inakataza unyanyasaji wa kijinsia kazini, lakini usitegemee sheria saa nane usiku. Anza na njia za kulala nyumbani, Moshi–Arusha au Moshi–Namanga, na chagua mwenyewe wa kusafiri naye.

Si bora kuwa dereva wa watalii?

Kwa anayejua Kiingereza, ndege, wanyama na subira, inawezekana. Ni taaluma, watu wanaisomea chuo cha wanyamapori Mweka na VETA Njiro, si kuvaa kofia tu. Juni hadi Oktoba utakula vizuri, Aprili na Mei magari yanapaki. Mwaka 2020 korona ilipoingia, wenzetu hao walikaa nyumbani miezi, wengine bila shilingi. Malori yaliteseka kwenye foleni za vipimo Namanga na Holili, lakini yalitembea.

Mume wangu anaendesha malori ya transiti, yanayopeleka mizigo nje ya nchi. Hela inakuja kwa mafungu, inaisha, na sijui mshahara wake.

Dada yangu, mwombe akuonyeshe mkataba. Si kwa kugombana, ni kwa sababu akipatwa na jambo huko Zambia, wewe ndiye utakayezunguka ofisini. Uwe na namba ya mwajiri, namba yake ya uanachama NSSF, na nakala ya leseni na pasipoti. Akirudi, nendeni mkapime afya wote wawili, kila mara, bila kulaumiana.

Kijana wa Usa River, sina leseni, sina koneksheni, nafanya kibarua shamba la maua. Naanzia wapi?

Usiache shamba bado. Siku zako za mapumziko nenda yanakopakiwa mahindi na vitunguu, ongea na madereva wa Fuso, omba kusaidia kupakia na kufunga turubai. Wataona nani anafunga kamba vizuri. Jifunze kubadili tairi na kusikiliza upepo unaovuja. Fedha ya chuo weka kidogokidogo, kwa jina lako. Siku mtu akikuita uwe utingo wake wa kudumu, muulize mwenye gari ni nani, kisha nenda kwa huyo mwenye gari na kalamu.