Kumwambia mama kwamba humwamini Mungu

Ndugu yangu wa Arua, unauliza kama umwambie mama yako, ambaye hakosi kanisani Jumapili, kwamba humwamini Mungu tena, ilhali kaka yake ndiye anayekulipia karo hapa Kampala. Sheria iko upande wako: Katiba ya mwaka 1995 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na kifungu cha 29 kinalinda uhuru wa mawazo, dhamiri na imani. Hata hivyo, Katiba haiwezi kumlazimisha mjomba aendelee kukusomesha, kwa hiyo ukihofia kwamba ataacha, maliza masomo kwanza; kunyamaza kwa ajili ya usalama wako si unafiki hata kidogo.

Utakapokuwa tayari, zungumza na mama mkiwa wawili tu, wala si siku ya Krismasi mbele ya wageni, na umhakikishie mapema kwamba hakukosea katika kukulea, kwa maana hilo ndilo litakalomkosesha usingizi. Akikuomba uongoze sala ya chakula, mwachie yeye aombe, nawe utulie kwa heshima. Akilia, usibishane naye. Mpe siku kadhaa, kisha mpigie simu umjulie hali kama kawaida yako.