Nimevunjika mguu ndani ya matatu: nitafuteje wakili?

SWALI: Matatu niliyopanda Nakuru iligonga lori, nikavunjika mguu. Nikiwa wodini alikuja mtu akasema ana wakili, nitie sahihi tu, malipo ni nikishinda. Nifanyeje?

JAWABU: Pole sana. Usitie sahihi. Sheria ya Mawakili ya Kenya inakataza kutafuta wateja kupitia madalali, na mapatano ya wakili kulipwa tu kesi ikishinda ni batili. Mwulize mtu huyo jina kamili la wakili wake, kisha hakikisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK) kwamba wakili huyo ana cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi ya uwakili.

Ukimpata wakili halali, dai mapatano ya ada kwa maandishi. Muulize hasa fidia italipwa kwenye akaunti ya nani na nini kitakatwa, maana magomvi mengi huzuka hundi ya bima ikishafika kwa wakili.

Nakala zako zitunze: abstrakti ya polisi (muhtasari wa polisi kuhusu ajali), fomu ya P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha), karatasi za kulazwa, picha za eksirei, kila risiti. Kwenye abstrakti kagua namba ya gari na namba ya bima. Tarakimu moja ikikosewa, bima hupata mwanya wa kukataa. Mwenye gari huthibitishwa kwa rekodi za NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari.

Bima ikikuharakishia hati ya kumaliza madai kabla mguu haujapona, ikatae: ukishatia sahihi, gharama ya kutoa baadaye vyuma vilivyowekwa mguuni kuunga mfupa ni yako.

Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Barua za kujadiliana na bima hazisimamishi muda huo.