Kuwasilisha Utafiti wa Muziki katika Mkutano wa Kanda: Ushauri kwa Mtafiti Anayeanza

Watafiti wa muziki wanaoanza kazi huelekeza macho yao yote kwenye kongamano kubwa la kitaifa au la kimataifa, na mkutano wa kanda huuona kuwa kituo cha kupitia tu wakiwa njiani kwenda kwenye jambo lenyewe. Kwa miaka mingi nimehudhuria mikutano ya aina zote mbili, nikiwa mwasilishaji, mwenyekiti wa kikao na msomaji wa ikisiri, yaani muhtasari mfupi anaoutuma mtu kuomba nafasi ya kuwasilisha, na msimamo wangu ni tofauti. Kazi ambayo bado haijakamilika haina mahali bora pa kupimwa kuliko mkutano wa kanda, mradi mwenye kazi awe ameiandaa kwa ajili ya watu watakaokuwamo chumbani humo.

Inafaa kwanza kujua watu hao ni akina nani. American Musicological Society, chama cha wanamusikolojia wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1934, kina matawi 15 ya kanda, ambayo kwa kawaida hukutana kwa siku moja au mbili katika chuo kimojawapo cha eneo husika. Wanaethnomusikolojia, yaani watafiti wa muziki ndani ya utamaduni wa jamii zinazoupiga, walianzisha chama chao nchini humo mwaka 1955, na wachambuzi wa nadharia ya muziki wakafuata mwaka 1977, nao pia wana mikutano yao ya kikanda. Kwenye ngazi ya kitaifa kila fani ina chama chake, na hata vyama viwili vinapokutana katika jengo moja, vikao vingi huendeshwa kwa wakati mmoja, hivyo anayezungumzia hati za nota za kale husikilizwa zaidi na wajuzi wa hati za nota za kale. Kandani hali hubadilika kwa sababu watu ni wachache. Katika eneo la Milima ya Rocky, kwa mfano, makundi hayo matatu yamekuwa yakifanya mkutano wao kwa pamoja, na hata pasipokuwa na mpango wa namna hiyo, si ajabu kuwakuta katika safu moja ya viti mwanahistoria wa opera, mchambuzi wa upatanifu wa sauti na mtafiti wa ngoma za jando.

Kwa hiyo, andika kwa ajili ya msikilizaji mwerevu asiye wa fani yako. Istilahi ambayo wenzako wa idara hawahitaji kufafanuliwa, ieleze kwa sentensi moja pale inapojitokeza mara ya kwanza, kisha uitumie bila kuirudia kwa visawe, kwa maana msikilizaji hawezi kurudi ukurasa wa nyuma. Mtafiti asiyeweza kumweleza mtu wa fani jirani kwa nini swali lake lina uzito, mara nyingi bado hajajieleza hilo yeye mwenyewe.

Ikisiri ndiyo mlango wa kuingilia, na milango mingi hufungwa kwa kosa lilelile. Wito wa kuwasilisha mada kwa kawaida huomba maneno yapatayo 250 hadi 300, na wasomaji wengi huzipokea ikisiri zikiwa zimeondolewa majina ya waandishi. Mwandishi hutumia nusu ya maneno hayo kueleza waliotangulia walisema nini, robo nyingine kuahidi kwamba atachunguza, atajadili na atafafanua, kisha nafasi inakwisha kabla hajasema amegundua nini. Mimi ninaposoma ikisiri hutafuta mambo matatu tu: dai, ushahidi utakaoonyeshwa au kusikilizishwa, na kitu kinachobadilika katika uelewa wetu iwapo dai hilo ni kweli. Ukiweza kuliweka dai katika sentensi mbili za mwanzo, umemrahisishia kazi msomaji aliyekwisha kupitia rundo zima kabla ya kufikia yako.

Kuhusu muda sina mengi ya kusema, ila kwamba dakika 20 ni dakika 20. Huo ndio urefu uliozoeleka wa wasilisho, zikifuatwa na dakika 10 za maswali. Ukurasa wenye nafasi mbili kati ya mistari huchukua takriban dakika 2 kuusoma kwa utulivu. Kama una dakika 4 za muziki wa kusikilizisha, una kurasa 8 za maneno, wala hakuna namna ya kuongeza ya tisa bila kumnyima haki anayekufuata. Panapohitajika kupunguza, punguza utangulizi. Wengi hukata mwishoni, wakiwa wamesimama mbele ya watu, na mwisho ndiko walikokuwa wameihifadhi hoja yao.

Mfano wa muziki unahitaji matayarisho zaidi ya maneno yenyewe, na hapa ndipo ninapowaona hata wazoefu wakiteleza. Tuseme unataka kuonyesha kwamba mwimbaji mmoja alibadilisha mwendo wa wimbo uleule kati ya rekodi mbili. Usiupige wimbo mzima. Kata kabla ya siku hiyo vipande viwili vya sekunde 25 hivi, kila kimoja kikiwa faili lake, vianzie kwenye neno lilelile la ubeti uleule, na kabla ya kubonyeza sema wazi msikilizaji atege sikio wapi: pigo la pili linavyochelewa, au pumzi inavyohama kabla ya kiitikio. Maelezo yakija baada ya sauti, watu huwa wamekwisha kusikiliza kitu kingine kabisa, yaani uzuri wa sauti, uchakavu wa rekodi au ala ambayo hukuikusudia. Kipande cha pili kikimalizika, nyamaza kidogo. Masikio nayo yanahitaji nafasi ya kulinganisha.

Nota nazo zina adabu yake. Ukurasa mzima wa okestra ukutani hausomeki hata na aliyekaa mstari wa mbele. Weka mizani 4 au 8, yaani vipande vya nota vinavyotenganishwa kwa mistari ya wima, mistari ya ala unazozizungumzia tu, na uziandike nota upya kwa ukubwa unaoonekana badala ya kubandika picha ya kitabu. Mimi bado ni mtetezi wa vitini vya karatasi, ingawa najua naonekana wa kale: ukurasa mmoja wenye nota, maneno ya wimbo pamoja na tafsiri yake, na tarehe ya kila rekodi, humwezesha mwenye swali kukuelekeza kwenye mizani ya sita badala ya kusema “pale katikati ulipotuonyesha kitu fulani”.

Fika chumbani kabla ya kikao cha kwanza cha siku, hata kama zamu yako ni ya alasiri, kwa kuwa mapumziko kati ya mawasilisho hayatoshi kurekebisha sauti. Kompyuta ikishaunganishwa na projekta kwa waya wa HDMI, mara nyingi huipeleka sauti kwenye projekta yenyewe, ambayo huenda haina spika ya maana, na itakubidi ubadilishe njia ya sauti kwenye mipangilio. Faili zako ziwe ndani ya kompyuta, zisitegemee intaneti ya mwenyeji. Kama hoja yako inahusu besi au ngoma kubwa, jua kwamba spika ndogo ya kompyuta haitaitoa sauti hiyo kabisa, na wasikilizaji watakuwa wanakuamini kwa hisani tu.

Kuna jambo lingine ambalo wanaorekodi nyanjani wanapaswa kulimaliza mapema. Ruhusa aliyokupa mpiga ala ya kumrekodi kwa ajili ya utafiti si lazima iwe ni ruhusa ya kumsikilizisha hadharani, sembuse kurushwa mtandaoni pale waandaaji wanapoamua kupeperusha mkutano moja kwa moja. Nyimbo za matambiko na za unyago zinahitaji uangalifu maradufu, kwani nyingine hazikukusudiwa kusikika nje ya wahusika. Waulize waandaaji kwa maandishi kama kikao kitarekodiwa, na kama jibu haliafikiani na ahadi uliyoitoa, zima muziki na ueleze kwa maneno kwa nini umeuzima.

Dakika 10 za maswali ndizo ulizozisafiria. Mwombe mwenzako mmoja akuandikie kila swali neno kwa neno pamoja na aliyeliuliza, kwa sababu aliyesimama mbele hukumbuka majibu yake tu. Jibu kwa ufupi ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Swali linaloonekana kutoka nje ya mada, hasa la mtu wa fani nyingine, lipe heshima ya pekee. Mchambuzi anayekuuliza waimbaji walijifunzaje wimbo huo, ilhali wewe umeshughulika na muundo wake, huenda amegusa sura nzima inayokosekana. Pasipo jibu, sema hujalichunguza, kisha umtafute muulizaji wakati wa chai. Kandani utampata, kwa kuwa wote mnakula chumba kimoja, na huenda mkakutana tena mwaka ujao, atakapotaka kujua umelifanyia nini swali lake.

Usiondoke baada ya zamu yako. Karibu na mwisho huwa kuna kikao cha shughuli za tawi, ambacho wageni hukikimbia wakidhani kinahusu hesabu za fedha peke yake. Humo ndimo anamotafutwa mwenyeji wa mkutano ujao na wajumbe wa kamati ya kuchagua mada, na mara nyingi mikono inayonyooshwa huwa michache kuliko nafasi zilizopo. Jitolee kusoma ikisiri, ukiulizia kwanza kama kamati inawapokea wanafunzi, kwani utaratibu hutofautiana kati ya tawi na tawi. Ukishazisoma 30 kwa mfululizo bila kujua za nani, utaishika yako ya zamani na kuona mara moja ni sentensi zipi za kufuta.