Maswali na Majibu: Kuitambua Risasi ya Chakavu Kabla ya Kusubu Machubwi

SWALI: Mimi ni mvuvi wa mshipi. Kwa kuwa machubwi (vizito vya kuzamisha mshipi au wavu) ya dukani yamepanda bei, nimenunua gunia la madini ya risasi kwa muuza chuma chakavu, niyayeyushe na kusubu yangu mwenyewe. Ndani yake mna maganda ya nyaya za simu za zamani, vipande vya kubalansia magurudumu, na vingine ambavyo muuzaji mwenyewe hajui vilitoka wapi. Nitajuaje kipi ni risasi safi, kipi kimechanganywa, na kipi kisiingie kabisa katika sufuria? – Mvuvi, Pangani

JIBU: Ndugu msomaji, anza na asili ya kipande, maana ukiijua asili umeshapunguza kazi. Ganda la waya wa simu kwa kawaida ni risasi iliyokaribia kuwa safi. Vipande vya balansi vyenye kikonyo cha kubana ukingoni mwa rimu vilisubiwa kwa muda mrefu kwa risasi yenye antimoni (metali inayoifanya risasi iwe ngumu) ya asilimia tatu hivi, pamoja na bati kidogo, ilhali vile vya kubandika kwa gundi vilikuwa laini zaidi. Hata hivyo, Umoja wa Ulaya ulipoanza kuvipiga marufuku vya risasi mwaka 2005, viwanda vingi vilihamia zinki na chuma, na ndiyo sababu gunia moja siku hizi hubeba aina zote tatu. Tafuta alama zilizogongwa juu yake: Zn ni zinki, Fe ni chuma.

Kwa vipande visivyo na alama, pitisha sumaku kwanza ili uondoe chuma, kisha angusha kila kimoja kwenye sakafu ya saruji: risasi hutoa kishindo kizito kisicho na mwangwi, na zinki hulia. Ukucha wako nao ni kipimo. Risasi safi hukwaruzika kwa ukucha na kupindika bila ubishi. Yenye antimoni nyingi, kama ile ya herufi za mitambo ya zamani ya uchapaji, haikwaruziki hivyo, na ukiigonga kwa nyundo huvunjika na kuonyesha chembe zinazong'aa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha maji, nacho hakihitaji zaidi ya mizani ya kidijitali, chombo cha maji baridi na uzi. Pima kipande kikiwa kikavu, uandike uzito wake kwa gramu. Kisha weka chombo chenye maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, na ukizamishe kipande kikining'inia kwa uzi pasipo kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosomeka ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo. Kipande cha gramu 565 kikisoma 50, jibu ni 11.3, na hiyo ni risasi safi. Kikisoma 51 au 52, jibu ni karibu 11, yaani risasi yenye antimoni au bati kidogo. Kikisoma 79, mkononi una zinki. Tumia kipande kizito, nusu kilo au zaidi, kwa sababu katika kipande kidogo kosa la gramu moja tu hubadilisha jibu lote. Kipimo hiki hakitakuambia kama kilichochanganywa ni antimoni au bati, lakini kwa chubwi la mshipi jambo hilo halina uzito. Kwa chubwi la wavu linalobanwa kwenye kamba, chagua ile iliyopita mtihani wa ukucha.

Zinki nimeisisitiza kwa sababu mbili. Kalibu (umbo la kumiminia risasi iliyoyeyuka) inayotoa chubwi la gramu 500 kwa risasi itatoa la gramu 315 hivi kwa zinki, na mkondo utalibeba. Pili, zinki ikiyeyukia ndani ya risasi hufanya mchanganyiko mzito kama uji, usiojaza kalibu. Bahati nzuri ni kwamba risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na zinki kwenye 420. Moto ukiuzuia usipande, zinki iliyokupita machoni itaelea nzima, nawe utaiopoa kwa upawa wa chuma.

Anika kila kipande hadi kikauke kabisa. Unyevu ukizama ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha usoni mwako.

SWALI: Jirani ananiuzia kwa bei ya chini bamba za betri za gari alizozipasua mwenyewe. Je, zinafaa kwa machubwi? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Hazifai, na ninakusihi usizipeleke nyumbani. Bamba la betri lina risasi ya metali kidogo kuliko linavyoonekana. Sehemu kubwa ni unga wa oksidi na salfeti ya risasi uliolowa asidi, na unga huo hushika nguo, mikono na udongo. Bamba nyingi zina kalsiamu, wakati nyingine pamoja na arseniki au antimoni, na taka zinazoenguliwa wakati wa kuyeyusha zikipata unyevu zinaweza kutoa gesi ya sumu kali.

Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegali, wahunzi kwa miaka mingi walitoa risasi katika betri na kuisubu kuwa vizito vya nyavu, kazi ileile unayoifikiria. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki pale, baada ya udongo uliojaa risasi kuchukuliwa na kuchekechwa. Kwenu Pwani, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto huifyonza kuliko mtu mzima. Kwa hiyo hata ile risasi safi iyeyushe nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, kwa sufuria isiyorudi jikoni kamwe, na uoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Ikiwa jirani yako amekuwa akipasua betri uani, mshauri awapeleke watoto wake hospitalini wapimwe damu.