Kabla hujanunua shamba karibu na Parki ya Kahuzi-Biega

Watu wa Bukavu hunitumia mara kwa mara picha ya karatasi ya shamba walilooneshwa huko Kabare au Kalehe, na swali huwa lile lile: bei ni nafuu, ninunue? Mimi nawauliza kwanza shamba liko upande gani wa mpaka wa Parki ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa ya huku kwetu mashariki mwa Congo. Mara nyingi si mnunuzi, si muuzaji, wala komisyoneri, yaani dalali, anayeweza kunijibu.

Nimesindikiza familia nyingi kwenye ofisi za ardhi, na nimeona pesa za mahari, za mishahara na za mikopo zikipotelea kwenye vilima vile. Kwa hiyo nasema waziwazi: jua mpaka wa parki kabla ya kuisoma karatasi ya muuzaji.

Parki ilianzishwa 1970 ikiwa na hekta zipatazo 60,000 za milimani, upande wa Kahuzi na Biega. Tarehe 22 Julai 1975 ordonansi (amri) ya rais ikaipanua hadi hekta 600,000, ikateremka mpaka misitu ya chini kuelekea Shabunda na Walikale. Sehemu ya juu na ya chini zikaunganishwa na ukanda mwembamba unaopita eneo la Nindja. Ndani ya eneo hilo jipya kulikuwa na vijiji, mashamba na makaburi ya watu, na wengi wao hawakuulizwa lolote. Mzee mmoja wa Nindja aliniambia: "Mwanangu, sisi hatukuifuata parki. Parki ndiyo iliyotukuta hapa." Naamini anasema kweli, na uchungu wake ni wa haki kabisa. Lakini wewe unayetoka mjini na dola zako leo huna historia yake. Ukinunua ndani ya mpaka ule, hakimu atakusomea ordonansi ya 1975.

Usitulizwe na mtu anayekuonesha sertifika, yaani hati ya ardhi, yenye mhuri. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali, na ardhi iliyotengwa kwa kazi ya umma haitolewi kwa mtu binafsi mpaka itenguliwe kwa utaratibu unaotakiwa. Parki ni ardhi ya namna hiyo. Miaka ya 1990 hati zilitolewa ndani ya ukanda wa Nindja kwa watu wenye uwezo, miti ikaangushwa, mashamba ya mifugo yakafunguliwa. UNESCO, iliyoiandika parki kwenye urithi wa dunia 1980 na kuihamishia kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini 1997, imedai mara nyingi hati hizo zifutwe. Karatasi kama hiyo inaweza kuuzwa na kuuzwa tena, na anayeumia ni yule wa mwisho kuishika.

Kuna hasara nyingine ambayo haihesabiwi kwa dola, nami naibeba moyoni. Ukanda ule ndio njia ya wanyama kati ya msitu wa juu na wa chini. Sokwe wakubwa wa Grauer (gorila) hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Congo yetu. Miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17,000 hivi. Makadirio yaliyotolewa 2021 yalikuwa takriban 6,800. Njia ikizibwa kwa mashamba, wale wa milimani wanabaki peke yao, wanazaana wao kwa wao bila damu mpya kuingia. Kila hekta inayolimwa pale inasukuma ukuta huo mbele.

Tuje kwenye karatasi zenyewe, maana nje ya parki nako kuna mitego. Huku Bushi, nchi ya Washi, ardhi hupatikana kwa njia za mababu, na unapaswa kujua muuzaji anasimamia ipi. Mwenye kalinzi, au wazee wake, walitoa ng'ombe kwa mwami, yaani mtawala wa jadi, au kwa mwakilishi wake, na haki yake inarithiwa. Mwenye bwasa amekodi tu: analima msimu, anavuna, na haruhusiwi kupanda mimea ya kudumu. Kwa hiyo nikifika shambani naangalia kilichopandwa kabla ya kusalimiana na komisyoneri. Nikikuta maharage na mihogo tu, bila mgomba hata mmoja, bila kahawa, bila miti ya mtu, na muuzaji anadai ni shamba la babu yake, namwomba anioneshe mahali babu alipopanda migomba. Wapo wanaokuwa na jibu zuri, wapo wanaoanza kuzungumzia mvua.

Karatasi ya kijijini yenyewe mara nyingi ni ukurasa wa daftari la mistari: majina ya mashahidi, dole gumba la wino wa buluu, labda mbuzi na mtungi wa kasiksi (pombe ya ndizi) vilivyotajwa kwenye malipo, na mpaka ulioandikwa "kuanzia mti mkubwa mpaka kijitoni." Usiidharau. Katiba ya 2006, kipengele cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Lakini ile sheria ya 1973 iliahidi ordonansi ya rais ya kupanga haki za desturi, miaka mingi ikapita bila hiyo ordonansi kutoka, na katika pengo hilo ndimo kesi zetu nyingi zinazaliwa. Mti mkubwa ukikatwa, kesi imeanza. Kijito nacho kinaweza kuwa na jina moja kwa watu wa ng'ambo hii na jina jingine kwa wa ng'ambo ile, na ramani ikachukua la tatu.

Ndiyo maana nakuomba utembee. Nenda mchana, zunguka shamba lote na majirani wa pande zote, siyo na komisyoneri peke yake. Waulize hasa akina mama wanaolima pembeni. Wao ndio wanaojua nani alilima wapi na tangu lini, na walinzi wa parki waliwahi kufika mpaka wapi. Kwa simu yako chukua alama za GPS za kila kona. Kisha peleka alama hizo kwenye kadasta, ofisi ya vipimo na ramani za ardhi, na pia kwa wahifadhi wa ICCN, shirika la Serikali linalosimamia parki. Kituo cha parki kiko Tshivanga, baada ya Miti. Peleka swali lako kwa barua, nakala mbili, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Jibu la mdomo la afisa mkarimu halitakusaidia siku afisa huyo akihamishwa.

Kama muuzaji ana hati ya shamba la kijijini, omba kuona ripoti ya uchunguzi wa awali. Sheria ya 1973 ilitaka ardhi ya vijijini ichunguzwe palepale kabla haijatolewa, wenyeji wasikilizwe, mipaka ionekane. Soma majina ya waliosikilizwa, halafu nenda ukawatafute. Iwapo hakuna jirani hata mmoja anayekumbuka uchunguzi huo, basi uliandikiwa mezani mjini.

Sheria ya kuhifadhi viumbe na mazingira yake ya 11 Februari 2014, iliyochukua nafasi ya ile ya 1969, inatambua pia ukanda wa kinga pembeni mwa maeneo ya hifadhi. Kwa hiyo kuwa nje ya mpaka hakumaanishi kila kitu kinaruhusiwa. Kabla ya kupanga tanuri la makaa au tanuri la matofali, uliza.

Kuhusu ndugu zetu Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huu, sitazunguka. Walifukuzwa kwenye msitu wa juu miaka ya 1970, na wengi hadi leo wanaishi kwenye vipande vidogo visivyo na karatasi yoyote. Sheria ya 15 Julai 2022 inatambua haki zao juu ya ardhi na mali asili, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa 2024, ulisema Serikali yetu ilivunja haki zao katika Kahuzi-Biega. Ukioneshwa kiwanja ambacho Batwa wamejenga juu yake, ondoka. Hata bei ikiwa ya kupewa tu.

Kwa wenye msitu wa ukoo uliobaki nje ya parki nina neno tofauti: msiukate vipande na kuuza. Sheria ya misitu ya 2002 na dekrei (amri ya serikali) ya 2 Agosti 2014 zinairuhusu jamii kuomba konsesheni ya msitu wa jamii, yaani haki ya kuusimamia msitu wake, hadi hekta 50,000, bila kuinunua na bila kikomo cha miaka, kwa saini ya gavana wa jimbo. Walikale jamii kadhaa zimeshapata. Kazi yake ni nzito: ramani ya pamoja, majirani kukubaliana mipaka, kamati ambayo wanawake na vijana wana sauti ya kweli na siyo kuhesabiwa tu. Anzeni na mikutano ya mipaka, maana hapo ndipo faili nyingi zinakwama, na msimwachie mtu mmoja mwenye elimu ashike karatasi zote nyumbani kwake.

Siku hizi pia, tangu mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, sisaini wala simshauri mtu asaini hati mpya ya shamba. Inaweza kupingwa kesho, na wewe ukalipa mara mbili. Tumia muda huu kukusanya ushahidi.

Na kama tayari ulishanunua na unaanza kuingiwa na shaka, simamisha kila kitu kwanza: usijenge, usikate mti, usimuuzie mwingine. Chukua alama za kona, tafuta mashahidi waliokuwepo wangali hai, andika maelezo yao na tarehe, kisha peleka barua yako ya kuuliza mpaka. Mwanasheria mtafute baada ya hapo, ukiwa na faili mkononi, siyo na simulizi tu.